Umati unaotumwa na tovuti kubwa za teknolojia: unaleta nini, unaacha nini? Watu wa Kanda ya Ziwa tuongee

Fundi_Makoroboi

Ng'wangaluka wakuu.

Haupiti mwezi bila kijana kuingia hapa ofisini Makoroboi, Mwanza, akitaka kunionyesha tovuti yake kwenye simu. Mmoja anauza vipuri vya injini za boti, mwingine ametengeneza kikokotoo cha mikopo ya SACCOS, mwingine anaweka nyimbo za kwaya. Ombi lao ni moja: "Bosi, nifanyeje niandikwe na zile tovuti kubwa za teknolojia? Nikiandikwa mara moja tu, nimetoka." Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi. Leo naliandika hapa ili wenye ujuzi waongeze na wenye kupinga wapinge.

Msimamo wangu nauweka juu kabisa. Tovuti kubwa ikikutaja inakuletea maelfu ya watu kwa saa chache, na watu hao wana kwao. Watachungulia, kisha watarudi kule walikotoka wakakujadili bila wewe kuwepo. Kijana anayetaka kutoka kwa njia hii kwanza awe na watu wake, hata wakiwa mia tu, wanaoingia kwake asubuhi bila kutumwa na mtu.

Mambo haya hayakuanza leo. Mwaka 1997 mwanafunzi wa Chuo cha Hope katika mji wa Holland, jimbo la Michigan, Marekani, aitwaye Rob Malda, alianzisha Slashdot. Msomaji alituma linki, wahariri wachache wakachagua, wakaandika aya moja juu yake, halafu wasomaji wakabishana chini yake. Muda si mrefu kuwekwa kwenye ukurasa wa mbele wa Slashdot kukawa sifa na balaa kwa pamoja, kwa sababu seva ya aliyewekwa, yaani kompyuta inayobeba tovuti yake, ilikuwa inaanguka. Jambo lenyewe likapewa jina, "athari ya Slashdot", na mwaka 1999 Stephen Adler akaandika uchambuzi wa namna wasomaji walivyomiminika kwenye machapisho yake baada ya kutajwa.

Kwa nini seva inaanguka? Vijana wengi hapa mjini wanakodi nafasi ndogo kwenye seva inayotumiwa na wateja wengine mamia, na wanajenga kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti. Kila mgeni akifungua ukurasa, programu inaamka, inaiuliza hifadhidata maswali kadhaa, inaunganisha majibu, ndipo inatoa ukurasa. Chukulia kifurushi chako kinaruhusu maombi ishirini kwa mpigo, na kila ukurasa unachukua sekunde mbili kutengenezwa. Ni kama benki yenye madirisha ishirini: unahudumia watu kumi kwa sekunde, basi. Wakija hamsini kwa sekunde foleni inazidi kurefuka, na mgeni anaona maandishi yale yanayosema mawasiliano na hifadhidata yameshindikana. Anafunga, anakwenda zake.

Halafu uzito. Ukurasa wenye picha kubwa unafika MB 3 bila shida. Watu 20,000 wakiufungua ni GB 60. Ukiupunguza hadi KB 300, watu hao hao wanatumia GB 6. Tofauti hiyo inaamua kama mwenye seva atakuzimia katikati ya mwezi ama la.

Na saa nazo hazitupendelei. Asubuhi ya saa tatu New York, kwetu huwa ni saa kumi au saa kumi na moja jioni kufuatana na msimu wao. California wanafika kazini kwetu giza limeshaingia. Kwa hiyo umati wa Marekani unakukuta umefunga ofisi, au uko kwenye daladala ya Buhongwa.

Lakini seva si jambo linaloniumiza zaidi, maana seva inatibika. Linaloniumiza ni namna tovuti hizi zinavyowabadilisha wanaoandika. Chukua Digg. Kevin Rose na wenzake waliianzisha mwaka 2004, na hapo wasomaji wenyewe ndio waliopiga kura kipi kipande juu. Watu wakajifunza haraka kinachopanda: orodha ya mambo kumi, kichwa cha habari cha kushtua, ubishi wa Apple dhidi ya Microsoft. Watu waliokuwa wanaandika kwa utulivu juu ya kazi zao wakaanza kuandikia lile lango la Digg. Mwaka 2010, mwezi wa Agosti, Digg ilitoa toleo lake la nne, ikaondoa kitufe cha kuzika habari mbovu na kuwapa wachapishaji wakubwa njia ya kumimina habari zao moja kwa moja. Wanajumuiya walikasirika, wakajaza ukurasa wa mbele kwa linki za Reddit, tovuti shindani, kama maandamano, kisha wengi wakahama kabisa. Julai 2012 Digg iliuzwa kwa kampuni ya Betaworks, na bei iliyotangazwa na vyombo vya habari ilikuwa dola 500,000. Waliokuwa wameegemeza tovuti zao zote kwenye trafiki ya Digg, yaani wageni wanaotoka huko, walibaki wanatazamana.

Hacker News nayo, tovuti nyingine ya kupigia kura linki za teknolojia, iliyoanzishwa na Paul Graham Februari 2007, ina hesabu yake inayojulikana: kura zinagawanywa kwa umri wa habari uliopandishwa kipeo cha takriban 1.8. Maana yake hata kitu kizuri kinasukumwa chini kadiri saa zinavyokwenda, na kwa kawaida siku moja haiishi kabla hakijatoka ukurasa wa kwanza. Mashine yenyewe imetengenezwa ikusahau. Siilaumu, bila hivyo ingekuwa na habari zile zile mwaka mzima. Nasema tu usijenge nyumba juu yake.

Karibuni.

Igoma_Kompyuta

Mkuu umeeleza vizuri. Naomba nichangie kwenye hiyo ya kutibika, maana wengi wanaogopa bure.

Zana nyingi tunazotumia leo zilizaliwa kwa sababu ya msongamano wa aina hii. Mwaka 1999 Dan Kegel aliweka mezani swali la namna seva moja inavyoweza kuhudumia wateja elfu kumi kwa wakati mmoja. Igor Sysoev wa Urusi akatoa nginx, programu ya seva ya kutolea kurasa, hadharani mwaka 2004 ikiwa jibu mojawapo. Brad Fitzpatrick alitengeneza memcached mwaka 2003 kwa ajili ya tovuti ya blogu ya LiveJournal, ili hifadhidata isiulizwe swali lile lile mara elfu. Sasa hivi mashine ndogo ya kukodi, ikiwa na nginx na kurasa zilizokwisha kutengenezwa kabla, inatoa maelfu ya kurasa kwa sekunde bila kutoka jasho.

Kijana wa vipuri vya boti hahitaji ukurasa wake utengenezwe upya kila mgeni anapokuja. Bei ya propela haibadiliki kila sekunde. Awashe kashe, yaani ukurasa uliokwisha kutengenezwa uhifadhiwe na kutolewa tena, apunguze picha, aweke tovuti nyuma ya mtandao wa usambazaji (seva za sehemu nyingi zinazotoa nakala za kurasa zako) kama Cloudflare, ambao una huduma ya bure. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Akishindwa aje Igoma nimwonyeshe, sitamtoza.

BintiMalimbe

Fundi, nakuheshimu lakini hapa umewakatisha tamaa vijana.

Mimi nimesomea uandishi wa habari hapa chuo kikuu cha SAUT, na ninachokiona ni kwamba umati ukiondoka, linki inabaki. Tangu Larry Page na Sergey Brin waeleze PageRank, njia yao ya kupima uzito wa kurasa, mwaka 1998, msingi wa Google ni kwamba ukurasa uliotajwa na kurasa zinazoaminika unapewa uzito. Tovuti ya Mwanza ikitajwa na tovuti za habari za teknolojia kama Ars Technica au TechCrunch, ile linki inaendelea kuifanyia kazi hata mwaka kesho, mtu wa Kampala akitafuta kitu hicho hicho. Hiyo siyo faida ya saa chache.

Pili, kuna heshima. Unakwenda kuomba mkopo wa kukuza kazi, au unaomba nafasi kwenye mafunzo, wanakuuliza nani anakujua. Ukionyesha ukurasa ambao watu wasiokufahamu wamekujadili kwa kina, mlango unafunguka. Vijana wa Dar wanazo njia nyingine, wanakutana na wafadhili kwenye semina. Kijana wa Buzuruga anakutana nao wapi? Hizi tovuti ndizo uwanja pekee ambao hawamuulizi anatoka wapi.

Usimwambie mtu awe kwanza na watu mia wakati yeye hata hao mia hajui atawapata vipi.

Fundi_Makoroboi

Dada BintiMalimbe, hoja ya linki ni nzito na naikubali. Niongeze kitu kimoja tu ili vijana wasipige hesabu vibaya. Mwezi wa kwanza mwaka 2005 Google ilianzisha alama ya kuiambia injini ya utafutaji isiihesabu linki fulani, kwa sababu ya watu waliokuwa wanajaza matangazo kwenye maoni. Jumuiya nyingi zinaziwekea alama hiyo linki zinazowekwa na wanachama. Kwa hiyo kupanda juu kwenye jumuiya si lazima kukuongezee uzito moja kwa moja. Kinachokuongezea ni wale waandishi wanaokuona pale, kisha wakaenda kuandika juu yako kwenye kurasa zao kwa hiari. Na mtu haandiki juu ya tovuti aliyoikuta imeanguka.

Juu ya heshima sina ubishi. Ila hao mia nasema wanapatikana. Kikokotoo cha SACCOS, wanachama wa SACCOS si wapo? Kwaya ina waimbaji, wazazi, parokia nzima. Vijana wetu wanawaruka hawa wakimtafuta Mmarekani.

Mwalo_Kirumba

Wakuu nimeusoma uzi huu wote nikasema leo lazima niandike, mimi huwa nasoma tu.

Nasimamia ukurasa wa bei za dagaa na samaki pale mwaloni Kirumba, pamoja na grupu lake. Mnajua wateja wa mwaloni, wengine wanatoka Kongo, Rwanda, Burundi. Trafiki yetu inakwenda na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea wanapumzika, na bei inacheza hapo katikati. Ukichora mstari wa wageni wetu utaona unapanda giza likianza, unashuka mwezi ukiwa mpevu. Tulikuwa tunajua hata siku gani tufanye matengenezo.

Kisha tovuti moja ya nje inayosomwa sana na watu wa teknolojia ikatuandika. Hawakuwasiliana nasi, waliona tu wakapenda kwamba kurasa zetu ni maandishi matupu na zinafunguka kwenye simu ya zamani. Seva haikuanguka, kwa sababu hiyo hiyo ya maandishi matupu. Kilichotikisika ni grupu.

Linki ya kujiunga ilikuwa chini ya ukurasa. Watu wakaanza kuingia kutoka kila pembe, wanaandika Kiingereza, wanauliza tumetumia lugha gani ya programu, kwa nini hatuna hiki, kwa nini hatujafanya kile. Ni maswali mazuri, sikatai, na waliuliza kwa adabu. Lakini mama anayeuza kwa debe akiingia alfajiri kuuliza bei ya Sengerema alikuta jumbe za kiufundi zimefunika bei yote. Baadhi wakaniandikia pembeni: "Kaka, grupu bado ni letu?" Swali hilo liliniumiza kwelikweli.

Kilichofuata kilinishangaza zaidi. Vijana wetu wenyewe, wanaoandika Kiswahili siku zote, wakaanza kuandika Kiingereza ili wale wageni wawaelewe. Bei ikawa inawekwa kwa dola pembeni. Hakuna aliyeagiza, ilitokea yenyewe. Ile unayosema Fundi ya kuandikia lango, niliiona kwa macho.

Nilifungua grupu la pili kwa ajili ya wageni na mambo ya kompyuta, nikabandika tangazo kwa lugha zote mbili, nikaondoa ile linki chini ya ukurasa. Ndani ya wiki chache grupu la wageni likawa kimya. Lakini wawili walibaki, mmoja yuko ng'ambo na sijawahi kumwona. Huyo alitupatia marekebisho ya sehemu iliyokuwa inachanganya kilo na gunia, na hadi leo anajibu nikimuuliza. Kwa hiyo BintiMalimbe ana ukweli wake, na Fundi ana wake. Umati mzima ulituachia watu wawili, na hao wawili ni wa thamani kubwa.

Mzee_wa_Nansio

Wanangu hamjambo.

Mimi ni mstaafu, niko Ukerewe. Ukurasa wa huyu kijana wa Kirumba naufahamu, binti yangu anaufungua kila anapotaka kupeleka mzigo. Nataka kuuliza jambo ambalo hamjaligusa. Mnapozungumza MB 3 mnazungumzia seva. Mbona hamzungumzii bando la anayefungua? Zipo tovuti nilizokuwa nasoma vizuri, zilipojulikana zikawekwa video zinazocheza zenyewe na matangazo yanayoruka mbele ya macho. Sasa siwezi kuzifungua nikiwa huku, mtandao unasuasua na bando linaisha kabla sijafika kwenye habari. Je, tovuti ikishapata wageni wengi wa nje, sisi wa kwanza tunahesabiwa bado?

Igoma_Kompyuta

Shikamoo mzee wangu. Umeshika penye maumivu.

Mwenye tovuti akipata wageni wengi anaanza kuwaza matangazo, na matangazo yanalipa zaidi kwa msomaji wa Ulaya na Marekani kuliko kwa msomaji wa Nansio. Hapo ndipo ukurasa unaanza kutengenezwa kwa ajili ya simu ya huyo mwingine. Mtu hakukusudia kuwatupa wa kwanza, lakini kila uamuzi mdogo unamsogeza huko.

Kuna na suala la njia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini huko kusini, nchi nzima tukakaa na mtandao wa kubahatisha. Tovuti ambayo seva yake iko hapa nchini haikuwa na sababu ya kupita baharini ili kumfikia mtu wa Nansio, ila kama imepachikwa vipande vinavyovutwa kutoka nje, kama fonti za herufi, vipima wageni na matangazo, nayo inakwama ikisubiri vipande hivyo. Kwa tovuti inayotumiwa na watu wa huku, mimi nashauri seva iwe nchini na ukurasa usitegemee kitu cha nje. Ukitarajia umati wa nje, weka nakala kwenye mtandao wa usambazaji. Vyote viwili vinawezekana kwa pamoja.

kijana_Buzuruga

Mimi naona mnajadili tatizo la kifahari. Kutajwa kwa linki! Huku kwetu kurasa kubwa za mitandao ya kijamii zinachukua kazi yako, zinapiga skrinishoti, zinaweka nembo yao juu, linki hakuna. Nilitengeneza orodha ya ratiba za meli na vivuko na nauli zake, nikahangaika nayo. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi ukaibeba yote kama picha. Watu wakasambaza kwenye WhatsApp. Ratiba ikabadilika, mimi nikarekebisha kwangu, lakini ile picha bado inazunguka na nauli za zamani, na watu wanakwenda bandarini saa isiyo sahihi. Wageni walioingia kwangu kutokana na hayo yote ni kiduchu.

Hapo umati uko wapi? Mimi nimepata umati bila trafiki.

Fundi_Makoroboi

Pole sana mdogo wangu. Hili nililiacha na ni kubwa.

Tovuti kama Slashdot na Hacker News, pamoja na kasoro zake, kazi yake ni kukutoa nje. Unabonyeza, unaondoka pale, unaingia kwa mwenye kazi. Mitandao ya kijamii inataka ubaki ndani. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya wachapishaji, na vyombo vingi vya habari duniani vilivyokuwa vinaishi kwa trafiki ile vilishuka kwa kasi. WhatsApp yenyewe haionyeshi kitu kwenye vipimo vyako: mtu akibonyeza linki aliyotumiwa huko, mara nyingi takwimu zako zinamwandika kama aliyekuja moja kwa moja. Kwa hiyo hata anayekusambaza kwa uaminifu humuoni.

Ushauri wangu kwa ratiba yako: weka anwani ya tovuti ndani ya jedwali lenyewe, kwa herufi kubwa, kwenye kila mstari wa tatu au wa nne, pamoja na tarehe ya marekebisho. Akipiga skrinishoti anaibeba. Akiifuta anaharibu jedwali. Na uweke ukurasa mdogo wa kila kivuko peke yake, Kamanga mbali, Ukerewe mbali, ili mtu apate sababu ya kutuma linki fupi badala ya picha ya orodha nzima.

BintiMalimbe

Naomba niongeze umati mwingine ambao ni mpya, maana unakula kwenye sahani hiyo hiyo ya kijana_Buzuruga.

Sasa hivi wageni wengi wa tovuti si watu. Ni roboti zinazokusanya maandishi kwa ajili ya mashine za akili unde. Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, walieleza Aprili 2025 kwamba matumizi yao ya kupakua picha na video yalipanda kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na asilimia 65 ya trafiki inayowagharimu zaidi ilitoka kwa roboti. Hao ni Wikimedia wenye seva zao dunia nzima. Sasa fikiria kifurushi kidogo cha Makoroboi.

Umati wa Slashdot angalau ulisoma. Hawa wanabeba, kisha mtu anauliza swali lake kwenye mashine, anapewa jibu, haji kwako kabisa. Na jumuiya kubwa zimeshauza mazungumzo ya wanachama wao: Februari 2024 Reddit na Google walitangaza makubaliano ya Google kutumia data za Reddit. Walioandika majibu yale usiku kucha bila malipo hawakuwa mezani.

Hapa ndipo nakubaliana na Fundi kwa moyo wote. Mwanachama anayerudi mwenyewe ndiye pekee ambaye roboti haiwezi kumchukua nafasi.

Mwalo_Kirumba

Dada, je zinazuilika?

Igoma_Kompyuta

Kiasi. Lipo faili la robots.txt, utaratibu wake umekuwepo tangu 1994, unaandika humo nani aruhusiwe na nani asiruhusiwe. Linategemea ustaarabu wa mwenye roboti: wastaarabu wanalisoma, wengine wanalipita. Baada ya hapo ni kuweka kikomo cha maombi kwa kila anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao, ndani ya sekunde kadhaa, nginx inafanya hivyo kwa mistari michache. Angalia tu usiwafungie watu wa mtandao mmoja wa simu, maana mara nyingi wateja wengi wa kampuni ya simu wanaonekana kwa anwani moja. Ukikaza sana utamfungia Mzee wa Nansio ukamwacha roboti.

Fundi_Makoroboi

Mzee wangu uliuliza kama wa kwanza bado mnahesabiwa. Nijibu kwa mfano wa hapa nyumbani. Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kuuma, na leseni ikawa inagharimu zaidi ya shilingi milioni mbili, jukwaa la mijadala la JamiiForums lilisimama. Blogu nyingi ndogo zilizima. JamiiForums iliporudi hewani, watu walirudi, kwa sababu walikuwa na mazoea nayo tangu 2006 na walijua njia. Haikuhitaji kutajwa na mtu. Hao ndio watu ninaowaongelea tangu mwanzo wa uzi, na wenye tovuti wakiwasahau nyie wa kwanza, watakapokwama hakuna atakayerudi.

Njia za kuwashika ni zile za zamani. Orodha ya barua pepe. Ujumbe mfupi wa simu kwa wenye simu za kitochi. Mlisho wa RSS, unaomletea msomaji habari mpya za tovuti bila yeye kuifungua, ambao Google ilipofunga programu yake ya kuusoma, Google Reader, Julai 2013 wengi walidhani umekufa, lakini bado unafanya kazi na programu za kuusoma zipo. Kijana_Buzuruga, ratiba yako ikibadilika tuma ujumbe kwa waliojiandikisha kabla hujaibandika popote.

kijana_Buzuruga

Nashukuru bosi. Sasa swali la mwisho, na mniwie radhi kama linarudisha nyuma mjadala. Bado nataka kujaribu kuipeleka Hacker News. Kile kikokotoo cha SACCOS anachokisema Fundi hapo juu, mmoja wa waliokitengeneza ni mimi. Watu tunao, wanachama wanakitumia. Nifanyeje?

Fundi_Makoroboi

Kama watu mnao, nendeni.

Ipo sehemu yao inaitwa Show HN, ni ya kitu ambacho msomaji anaweza kukijaribu papo hapo. Msimlazimishe kujisajili kwanza. Wekeni toleo la majaribio lenye namba za mfano, lisilogusa hata kidogo taarifa za wanachama halisi. Kichwa kiwe cha kueleza kitu kinafanya nini, bila sifa. Msiombe ndugu na marafiki kwenye grupu wapige kura, wana mtambo wa kugundua kura za kupangwa na ni kinyume na kanuni zao. Mtashushwa kimya kimya. Baada ya kuweka, mmoja wenu aandike maelezo ya kwanza: mmekitengeneza kwa ajili ya nani, riba inakokotolewaje, nini bado hakijakamilika.

Wekeni kuanzia saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, na wawili mkae zamu hadi usiku wa manane, mmoja akijibu maswali, mwingine akiangalia seva. Igoma_Kompyuta ameshajitolea, mwende kwake kabla ya siku hiyo awape kashe. Kiswahili kikae kama kilivyo kwenye kikokotoo, wekeni kitufe cha Kiingereza pembeni. Na linki ya grupu la wanachama msiiweke hapo. Wekeni anwani ya barua pepe; atakayeandika ndiye huenda akawa mmoja wa wale wawili wa Mwalo_Kirumba.

Mkishapanga tarehe niambieni, zamu ya usiku naichukua mimi.